Mashati Sita ya Bwana Mpya

Mume wangu amehudumia meza katika hoteli moja kwa miaka ishirini na sita, na mpaka leo wageni humuuliza kama ameanza kazi wiki hii. Si kwamba kazi haijui. Anabeba sahani nne kwa mkono mmoja huku akifungua mlango kwa kisigino. Tatizo ni mashati. Mtu anaingia ukumbi wa chakula, anamkuta kasimama pale na shati jeupe pe, kola imesimama wima, hakuna hata kivuli cha doa, naye anasema moyoni: shati hili limetoka dukani asubuhi, basi mwenye shati naye atakuwa mgeni vilevile. Ndiyo maana wenzake walimpa jina la Bwana Mpya. Yeye hujifanya jina hilo linamkera. Mimi ninayeishi naye nawaambieni, halimkeri hata kidogo.

Mashati yenyewe ni sita. Changa kuliko yote lina miaka kumi na moja, kongwe lina kumi na tisa, na hapo sijatia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nikirudi nyumbani nina uji begani, rangi ya maji kifuani, na kamasi za watu wasiopungua watatu kwenye mkono wa gauni. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, saa ya kuagana asubuhi, mume wangu hunipungia mkono kutoka upande wa pili wa meza. "Usinisogelee, mama watoto, nimeshavaa." Mwanamke mwingine angeshuku kuna mke wa pili. Mimi nilijua kuna wa pili, wa tatu, hadi wa saba, na wote wananing'inia kwenye kabati langu.

Anafua mwenyewe. Akitoka kazini hana habari na kiti wala chai. Anavua shati, analigeuza nje ndani, analizamisha kwenye beseni la maji baridi. Beseni hilo ni la mashati tu. Siku nilipolitumia kuoshea viazi hakusema neno, ila kesho yake alirudi na beseni jipya akaliweka jikoni, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino: VIAZI. Maji lazima yawe baridi, maana anasema ya moto hupika doa la yai au maziwa likaiva humohumo kwenye uzi. Kola anaisugua kwa sabuni ya kipande na mswaki wa meno uliostaafu, taratibu, akielekea upande mmoja. Anasuuza mara tatu. Maji ya tatu yakitoa povu hata kidogo, anaanza upya, kwa sababu sabuni inayobaki kwenye nguo ndiyo inayogeuka manjano chini ya pasi. Maji ya mwisho anayatia buluu ya kufulia, kiasi cha ncha ya kijiko. Halafu anaanika, pindo juu na kola chini, vibanio kwenye mshono, na yeye mwenyewe anavuta kigoda anakaa karibu na kamba kulinda ndege wasije wakafanya mambo yao. Nimemsikia akigombana na njiwa kwa sauti ileile anayogombana nayo na kaka yangu.

Kupiga pasi nako kuna utaratibu wake: shati likiwa na unyevu bado, kola kwanza, kutoka pembeni kuelekea katikati, ndipo mabega, ndipo mikono, kifua mwisho. Mtu akipita na kumsemesha hapo kati, haitikii. Aidha kabla ya kuvaa, anasugua shingo yake kwa sabuni mpaka inawaka. Anasema shati halijichafui, huchafuliwa na shingo.

Mimi nilipigwa marufuku kuyagusa mwaka wa kwanza wa ndoa. Nilitaka kumfurahisha, nikachukua shati lake nikalitia dawa ya klorini kipimo cha mwanamke anayempenda mumewe. Liling'aa, sikatai. Lakini lilipopigwa pasi makwapa yakageuka rangi ya siagi, na baada ya wiki mbili kitambaa kikaanza kuachana chenyewe. Hakunifokea. Alilikunja, akaliweka juu ya kabati siku tatu kama mtu anayengoja ndugu wa mbali wafike, ndipo akakubali liwe tambara. Tangu hapo mimi na mashati yale tulisalimiana kwa mbali.

Sasa, kuna jambo ambalo hata wenzake kazini hawakulijua. Shati la kazi huanza kuchakaa shingoni, pale kola inapokunjika. Wengine wakiona nyuzi zimeanza kutoka, wanalirudisha stoo wanapewa jipya. Huo ndio utaratibu wa hoteli, lete kuukuu uchukue jipya. Mume wangu hakurudisha. Mapya, kwa maneno yake, yalikuwa yameanza kuja ya kitambaa cha karatasi. Yeye alikuwa akikaa kwenye cherehani ya marehemu mama yake, anafumua kola, anaigeuza upande wa chini uje juu, anashona tena, na shati linapata miaka mingine mitatu minne. Upande huo nao ukichakaa, hapo ndipo ufundi unapoanza. Anakata pindo la nyuma, lile linalochomekewa ndani ya suruali ambalo hakuna binadamu analiona, na kwa kitambaa hicho anashona kola mpya. Kwa nini asinunue kitambaa? Nilimuuliza swali hilo mara moja, akanitazama kama mtoto wangu wa chekechea aliyekula chaki. Kitambaa kipya kina weupe wake, shati lina weupe wake. Ukiviweka pamoja vinasutana. Pindo lake lenyewe limefuliwa maji yaleyale, likaanikwa jua lilelile.

Basi shati linabaki bila pindo, na shati bila pindo linachomoka suruali mtu akiinama kuweka supu. Ikabidi azibe kwa chochote kilichokuwa karibu. La kwanza lilipata kipande cha pazia letu la zamani lenye maua ya alizeti. La pili shumizi yangu. La tatu kitambaa cha meza cha mirabaraba. Na lile kongwe, la miaka kumi na tisa, lilipata foronya aliyoidarizi mama yangu mzazi kwa uzi mwekundu, ndege wawili wanatazamana, na chini yao maneno LALA SALAMA. Nilipogundua nilikuja juu. "Yaani unaikalia kazi ya mama mkwe wako?" Akajibu kwa upole kwamba ameishona kwa heshima, maandishi yakiangalia nje.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, yeye akiwa mpya mbele na foronya nyuma, mpaka mwezi uliopita, ikiwa imebaki miezi minne astaafu.

Hoteli ilipata meneja mpya, kijana mwenye haraka, na kijana huyo akaleta mtunza stoo mpya, mwanamke makini ambaye ndani ya siku mbili kila mtu alimwita Mama Stoo. Mama Stoo akapekua stoo yake rafu kwa rafu, akakuta boksi zima la mashati meupe halipo. Yalikuwa mapya, hayajagongwa muhuri. Maana kila shati la hoteli ile hugongwa muhuri wenye mwaka, kwa wino usiotoka, tena mahali palepale pasipoonekana: pindo la nyuma.

Meneja akasimama mlangoni mwa ukumbi wa chakula, akawatazama wahudumu wake kumi na moja. Kola kumi zilikuwa na rangi ya maji ya mchele. Ya kumi na moja iling'aa.

Jumatatu asubuhi wote wakaitwa jikoni. "Kila mtu achomoe shati, aonyeshe muhuri," akasema Mama Stoo. Wakachomoa mmoja mmoja, mihuri ikaonekana, wakaruhusiwa kwenda. Ikafika zamu ya mume wangu. Siku hiyo, kwa bahati yake, alikuwa amevaa alizeti.

"Mimi sichomoi," akasema.

"Kwa nini, mzee?"

"Nimefanya kazi hapa tangu jengo hili lina ghorofa moja. Sichomoi shati mbele ya masufuria."

Ungekuwa wewe meneja ungefikiri nini? Mimi mwenyewe, mkewe, ningemfunga. Akaambiwa aende nyumbani, kikao cha nidhamu Alhamisi saa nne, na asipokuwa na maelezo atafukuzwa kwa wizi. Alifika nyumbani saa tano asubuhi, akavua shati, akajaza beseni maji baridi. Nikiwa shuleni nikapigiwa simu na mke wa mpishi mkuu, ambaye habari zikifika kwake zimeshafika nchi nzima. Nikawaacha watoto na mwenzangu, nikarudi mbio.

Nikamkuta anasugua kola.

"Ni kweli wanasema umeiba?"

"Wanasema."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema sichomoi."

Damu ikanichemka. Nikampa vidonge vyake pale pale uani, majirani wasikie na wapite. Nikamwambia mtu aliyefundisha wahudumu wote wa hoteli ile kushika trei, ambaye aliwahi kumkimbilia mgeni hadi kituo cha basi kumrudishia mwavuli, hawezi kumaliza kazi kwa kuitwa mwizi kwa sababu anaona haya kuonyesha pazia. Akaacha nimalize. Ana ustahimilivu huo, wa kungoja kelele ziishe kama mtu anayengoja mvua chini ya baraza.

"Mama watoto," akasema, "unajua wageni wangapi wameniambia, wewe ni mpya hapa? Miaka yote hiyo. Nikichomoa, kila mtu atajua ninavaa viraka. Nitaitwa Lala Salama mpaka kaburini."

"Na usipochomoa utaitwa Mwizi. Chagua moja linalokupendeza."

Akaikamua kola. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua, na hapo nikalazimika kukaa. Kuchomoa kusingetosha. Muhuri wenyewe haukuwepo tena kwenye pindo, kwa sababu pindo lilishakuwa kola. Na nguo ya hoteli iliyokatwa muhuri ni jambo gani, kama si kazi ya mwizi?

"Muhuri uko wapi sasa? Uliutupa?"

Akakasirika kidogo, yeye hatupi kitambaa. "Uko ndani ya kola. Upande wa chini, umegeukia ndani, juu yake kuna kitambaa kigumu. Yote sita."

"Basi fumua moja, tukawaonyeshe!"

"Nikifumua hapa nyumbani, watasema nimegonga mwenyewe na wino wa kalamu. Ni mpaka nifumue mbele yao. Na kola ikifumuliwa mara hii haishoneki tena, uzi wake umechoka. Pindo la kutengenezea nyingine halipo. Shati ndiyo basi."

Alisema "ndiyo basi" kwa sauti ya daktari anayewaita ndugu pembeni. Nilitamani kucheka na nilitamani kumpiga na beseni. Siku zote nilikuwa nayaonea wivu mashati yale, sioni aibu kusema. Lakini nilipomwona ameshika ile kola iliyolowa, vidole vyeupe kwa maji, nikaelewa kwamba kwake yale hayakuwa nguo. Ilikuwa kazi ya maisha yake, tena nzuri, na uzuri wake wote ulikuwa katika kutoonekana.

Jumanne alikaa kwenye kigoda chake akilinda kamba. Jumatano alipiga pasi mashati yote sita, hata yale yaliyokuwa yamepigwa. Nikambembeleza, nikamnunia, nikamtishia kurudi kwetu, akaniuliza kwetu nitarudi na begi lipi. Nikamwambia jikaze kisabuni, baba watoto, ni vipande vya nguo tu. Akasema atakwenda kikaoni kuwaambia neno moja: kwamba yeye si mwizi. Kama neno la miaka ishirini na sita halitoshi, basi.

Alhamisi akavaa lile kongwe, la ndege wawili. Sijui kwa nini alichagua hilo. Nafikiri alitaka mkubwa wao awe naye. Akanipungia mkono kutoka upande wa pili wa meza, akaondoka.

Nikahesabu hadi mia. Nikafungua kabati, nikachukua yale matano yaliyobaki, nikayasukumiza kwenye begi langu la shule pamoja na mkasi wa kukatia karatasi, ule wenye ncha butu na gundi iliyokauka. Nikashika njia.

Mlinzi wa mlango wa wafanyakazi ananifahamu. Alinionyesha chumba bila kuulizwa. Nikagonga na kuingia kwa pamoja. Meneja alikuwa amekaa katikati, Mama Stoo kulia kwake na faili, mpishi mkuu kushoto akiwakilisha wafanyakazi, na mume wangu amesimama mbele yao kama anayesubiri waagize chakula.

"Mama, hiki ni kikao," akasema Meneja.

"Najua, ndiyo maana nimekuja. Endeleeni."

Mama Stoo, nimsifu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma kanuni kwa sauti ya kuonea huruma. "Mzee, tunakuuliza kwa mara ya mwisho. Shati lenye muhuri ni lako. Lisilo na muhuri ni la boksi lililopotea. Lako lina muhuri au halina?"

"Mimi si mwizi," akasema mume wangu.

"Hilo si jibu, mzee wangu."

"Ndilo nililonalo."

Meneja akafunga kalamu yake. Nilipoona ile kalamu inafungwa, nikafungua begi. Nikamimina mashati yote mezani, nikanyakua la juu, nikashika kola na kuanza kuikata na mkasi wangu wa karatasi. Haukukata; ulitafuna. Nikavuta kwa nguvu, kitambaa kikalia krrr.

Mume wangu akageuka. Katika miaka yote ya ndoa sijawahi kuiona sura ile.

"Unafanya nini! Hivyo utalichana! Nani amekuambia kola inafumuliwa kuanzia hapo?"

"Nifumulie wewe basi!"

"Unaanzia kwenye pembe! Kwenye pembe, mwanamke! Unakata uzi, hukati nguo!" Akaninyang'anya shati, akalikagua, akalilaza mezani na kulipapasa. Halafu akatazama watu watatu waliokuwa wametoa macho, akanitazama mimi, na akashusha pumzi ndefu. Nadhani aliona kwamba mashati yataonekana tu, ama kwa mkono wake ama kwa mkono wangu, na kwa mkono wangu hakuweza kuvumilia.

"Hilo liache," akasema. "Kama ni ushahidi, wapewe wa mwilini."

Akawapa mgongo, akachomoa shati.

Meneja, ambaye bila shaka husoma kila anachokiona, akasoma kwa sauti: "Lala salama."

Mpishi mkuu ndiye aliyeanza. Alijitahidi, nilimwona akiziba mdomo kwa kofia yake, lakini mwili wake ni mkubwa na kicheko kilikuwa kikubwa kuliko mwili. Meneja akafuata, akainama chini ya meza akijifanya anatafuta kalamu iliyokuwa mkononi. Mama Stoo alicheka machozi yakamdondokea kwenye kanuni. Mimi sikucheka. Hiyo ilikuwa kazi ya mama yangu, na yule aliyesimama pale masikio yamemshuka alikuwa mume wangu.

"Mmemaliza?" akauliza, bado amewapa mgongo.

Mama Stoo akafuta macho. "Samahani, mzee wangu. Lakini sasa... muhuri wenyewe haupo. Umekatwa."

"Sijamaliza."

Akavua shati. Akabaki na fulana, nyeupe na yenyewe, ungetarajia nini? Akakaa, akatoa mfukoni kijimkasi chake cha kukatia nyuzi. Hapo nilishangaa: alikuja nacho. Yule mtu mwenye kichwa kigumu, aliyenihangaisha siku tatu, alikuwa ameondoka nyumbani na mkasi mfukoni bila kujua kama angethubutu kuutoa.

Alianzia kwenye pembe. Alikata uzi mmoja, akauvuta, akakata wa pili. Hakuharakisha hata kidogo. Meneja akatazama saa yake mara moja, kisha akasahau kuitazama tena. Nyuzi zikawa zinajikusanya mezani. Alipofika katikati ya kola akapumzika, akafuta viganja kwenye suruali, akaendelea. Mpishi mkuu alikuwa ameacha kucheka zamani. Alikuwa ameegemea mbele na viwiko mezani, akifuata kila uzi. Yeye pia ni fundi wa kazi yake.

Kola ikafunguka. Akatoa kile kitambaa kigumu cha katikati, akageuza upande wa chini, akausukuma mbele ya Mama Stoo.

Muhuri ulikuwa pale, mweusi kama umegongwa jana, maana tangu ushonewe humo haukuona jua. Mama Stoo akauinua karibu na macho. Akasoma jina la hoteli. Akasoma mwaka. Akasoma mwaka tena.

"Miaka kumi na tisa," akasema taratibu.

"Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la tatu," akasema Meneja.

"Ndiyo," akasema mume wangu. "Na mimi nilikuwa nahudumia meza namba saba."

Mama Stoo akachukua mwili wa shati, akaupitisha mikononi: mabega, kwapa, vifungo, ule mshono mwembamba uliounganisha kitambaa cha hoteli na foronya ya mama yangu. Aligeuza na kugeuza kama anayetafuta mlango. "Na haya mengine matano?"

"Yote yana wake ndani. Mkitaka nitayafumua."

"Hapana," akasema Mama Stoo haraka, akaweka mkono juu ya rundo. "Hapana, mzee wangu. Tafadhali."

Meneja akasimama. Kwa kijana mwenye haraka, alichukua muda kutafuta la kusema. Akasema samahani, akasema kikao kimefungwa, akasema hoteli itampa mashati mapya mawili leo hii, hata manne, achague mwenyewe. Mume wangu alimsikiliza hadi mwisho, kama anavyomsikiliza mgeni anayelalamika kuhusu supu. Kisha akauliza ni saa ngapi.

"Saa sita kasoro dakika kumi."

"Chakula cha mchana ni saa sita na nusu. Nani amepanga meza?"

Akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nami nikampa shati moja kutoka kwenye rundo. Lilikuwa limekunjamana kwa kukaa kwenye begi langu, na begani lilikuwa na alama ya rangi ya maji ya kijani, ndogo kama punje. Niliiona, na nikaona ameiona. Nikafumba macho kungoja.

Akalivaa hivyohivyo, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akachomekea.

Mama Stoo hakuweza kujizuia. "Mzee, na hilo nalo... nyuma limeandikwaje?"

Mume wangu akawa ameshafika mlangoni. "Hilo, mama, utalisoma siku utakayoniita mwizi tena," akasema, akaenda zake kupanga meza.

Tukabaki wanne, na mezani ile kola iliyofumuliwa, nyuzi, na shati lisiloweza tena kuvaliwa na mtu. Wale watatu walikuwa wanatazama popote isipokuwa mimi. Nikakusanya kila kitu, mpaka nyuzi, nikaviweka kwenye begi.

"Mlisikia chakula ni saa sita na nusu," nikawaambia. "Nendeni mkanawe mikono."